Isandlwana: mawe meupe yanasema nusu tu ya habari

Anayefika Isandlwana, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza huona mawe meupe kabla ya kitu kingine chochote. Ni marundo yaliyopakwa chokaa, yametapakaa mashariki mwa kilima na kwenye shingo ya ardhi iliyo kusini yake. Chini yake wamezikwa watu wa jeshi la Uingereza waliouawa hapa Januari 22, 1879, walipopigana na Wazulu. Kazi yangu ni kuchunguza viwanja vya vita vya kale, na kila mgeni ninayemtembeza namwomba aweke kamera kando kwanza, ajiulize: mbona mawe yamesongamana pale, na kule hakuna hata moja?

Maiti zilikaa takriban miezi minne bila kuzikwa. Maziko yalipoanza, wengi walifukiwa karibu na mahali walipoangukia. Mvua zilifukua mifupa, ikazikwa upya mara kadhaa, kwa hiyo usilichukulie kila rundo kama alama kamili. Hata hivyo, ukiyatazama yote kwa pamoja, mawe hayo ni ramani ya siku ile.

Kabla hujayafuata, panda kwanza kwenye ukingo wa Nyoni, kaskazini mwa kambi. Kutoka juu utaelewa kosa la Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, kuliko kwa kusoma kurasa mia. Aliondoka kabla ya mapambazuko na karibu nusu ya kikosi, akilitafuta jeshi la Mfalme Cetshwayo wa Wazulu kusini-mashariki, wakati jeshi lenyewe, watu wapatao 20,000, lilikuwa limejificha katika bonde la Ngwebeni, kilomita chache tu kaskazini-mashariki mwa kambi. Ardhi inaonekana tambarare, kumbe ina mikunjo inayomeza maelfu ya watu. Kambini walibaki kama 1,700 chini ya ofisa wake Pulleine. Hawakuchimba mahandaki, wala magari ya kukokotwa na ng'ombe hayakupangwa kuwa boma.

Wapelelezi wa Waingereza walipoligundua jeshi lile, lilitoka kwa mpangilio wa pembe za ng'ombe: kifua kikabili kambi, pembe mbili zizunguke, kiuno kibaki nyuma kama akiba. Msomaji wa Songea hahitaji kuelezwa sana, maana Wangoni waliondoka huko huko kusini na mbinu za aina hiyo.

Sasa shuka hadi korongo la Nyogane, mashariki mwa kambi. Simama ndani yake. Hapo ndipo Durnford, ofisa wa Uingereza, na wapanda farasi wake Waafrika waliizuia pembe ya kushoto hadi risasi zilipowaishia, wakarudi nyuma. Walipoondoka, mstari mzima wa Waingereza wenye bunduki za Martini-Henry ukabaki ubavu wazi. Tembea kuelekea kambini na utaona kilichofuata: marundo yanaongezeka, yanakaribiana, kisha yanajazana kwenye ile shingo. Pembe ya kulia ilikuwa imezunguka nyuma ya kilima na kuifunga barabara ya kwenda Rorke's Drift, kivuko chenye kituo cha Waingereza. Ndiyo maana kutoka hapo mawe yanateremka kuelekea mto Mzinyathi, katika njia mbaya ya miamba ambayo hakuna mtu angeichagua kama angekuwa na nyingine. Jua lilipatwa mchana ule ule, vita vikiwa vinaendelea.

Zaidi ya watu 1,300 waliuawa upande wa Waingereza, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa Waafrika waliokusanywa Natal. Mgeni akisikia hilo hunyamaza, kwa sababu amekuwa akidhani chini ya chokaa kuna Wazungu peke yao.

Na Wazulu? Nao walipoteza watu wasiopungua elfu moja, lakini ramani ya mawe haiwaonyeshi. Ndugu zao waliwafunika kwa ngao, wakawaweka makorongoni na katika mashimo ya nafaka ya miji ya jirani. Rudi basi kwenye mteremko ulio chini ya Nyoni, mahali pasipo na mawe. Hapo kifua kililala kwenye nyasi, kimebanwa na risasi, hadi induna (kiongozi wa Wazulu) Mkhosana kaMvundlana wa ukoo wa Biyela aliposhuka akitembea wima, akawakemea vijana wa kikosi cha uKhandempemvu kwa jina la mfalme. Waliinuka. Yeye akapigwa risasi akafa. Kwangu hapo ndipo penye uzito kuliko popote katika uwanja huu, na wageni wengi hupapita bila kusimama.

Kumbukumbu ya Wazulu ilizinduliwa mwaka 1999, miaka 120 baada ya vita: mkufu mkubwa wa shaba nyeusi wenye umbo la iziqu, shanga za mbao walizovaa mashujaa waliojipambanua vitani. Uzunguke taratibu.

Usikanyage marundo wala kuokota chochote, hata ganda la risasi. Sheria ya urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inalinda makaburi na masalia haya. Njoo asubuhi, jua linapoangaza upande wa mashariki wa kilima na mikunjo ya ardhi ikionekana vizuri. Rorke's Drift, wanakozungumzia nishani 11 za ushujaa za Victoria Cross walizopewa waliokilinda kituo hicho, uende baadaye. Ukianzia huko, Isandlwana itaonekana kama utangulizi wa ushujaa wa Waingereza, ilhali hapa ndipo Wazulu waliposhinda vita vikubwa vya siku ile.