Moringa kwenye maji ya garaje: matope unayapeleka wapi?

Tangu mvua zianze hapa Lubumbashi, malalamiko yanayotufikia yanafanana: maji ya garaje na ya sehemu za kuoshea magari yanaingia kwenye kanivo (mfereji wa barabarani), mafuta yakimeremeta juu yake, na mwisho wake ni mtoni. Tukimfuata mwenye garaje, jibu liko tayari: "Chefu, mimi natia moringa."

Moringa, yaani unga wa mbegu za mti wa mlonge, inafanya kazi, hatubishi. Mbegu yake ina protini yenye chaji chanya; matone ya mafuta na chembe za udongo zina chaji hasi, ndiyo maana husukumana na kubaki zimetapakaa majini. Protini hiyo huzifanya zishikane kuwa mabonge. Watafiti wameijaribu hata kwa maji yanayopanda pamoja na mafuta ghafi kutoka visimani. Lakini maji hayo huwa na chumvi nyingi, na moringa haitoi chumvi. Anayesema maji yakishakuwa meupe yanafaa kunywewa anacheza na afya za watu.

Utaratibu ni huu. Engua kwanza mafuta yanayoelea. Menya mbegu kavu, twanga, koroga unga katika maji safi, chuja kwa kitambaa. (Tumekuta pipa lenye mbegu nzima zikielea kama maharage!) Panga vikopo kadhaa vya lita 1 vya maji machafu, kila kimoja na kipimo chake cha maji ya moringa uliyochuja. Koroga haraka dakika 1 au 2, kisha polepole dakika 10 hadi 15, uache yatulie saa 1 au zaidi. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichosafisha. Ukizidisha, ukungu unarudi. Penye sabuni nyingi kazi huwa ngumu, kwa sababu sabuni huyashika mafuta yasiachane na maji.

Sasa matope, yaani yale mabonge yaliyotuama chini. Mafuta ambayo moringa imeyatoa majini yamo humo. Kuyamwaga nyuma ya ukuta, karibu na kisima cha jirani, ni kuhamisha uchafu tu. Sheria ya mazingira ya Kongo (DRC), namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inalinda maji na ardhi pia, na inamtaka mchafuzi agharamie uharibifu alioufanya. Ina adhabu zake, na "sikujua" haiandikwi kama utetezi kwenye prosè-verbali (ripoti rasmi ya kosa).

Kwa hiyo weka matope kwenye pipa lenye kifuniko, chini ya paa, juu ya sementi. Andika tarehe, kiasi, na nani aliyeyachukua. Mkaguzi akifika, chupa ya maji meupe muachie mezani. Ataomba daftari, kisha ataomba umfungulie pipa.