Mlima Iwambi haudai damu: breki za upepo zinavyochoka mteremkoni

Lori likifeli breki kwenye mteremko wa Iwambi, Mbeya, kauli mbili hufika eneo la ajali kabla ya trafiki. Ya kwanza ni "mlima umedai damu". Ya pili ni "siku yao ilikuwa imefika". Waliokufa wakiwa wengi, siku chache baadaye utasikia kuna maombi pale chini ya mteremko na mafuta ya upako yamemwagwa kwenye lami. Sina ugomvi na maombi. Kazi yangu ni breki za magari makubwa, na kinachonikera ni kwamba maelezo ya aina hiyo hufunga mjadala kabla fundi hajalala chini ya tela na futi mkononi.

Tazama kwanza ajali zinatokea wapi. Kutoka jijini Mbeya kwenda Mbalizi barabara inashuka kwa muda mrefu, lakini magari yaliyoshindwa kusimama huishia chini, karibu na nyumba, maduka na vituo vya daladala. Watu huona hapo pana mkosi. Mimi naona hapo ndipo joto lililoanza kujikusanya kule juu linapokamilika. Ndivyo ilivyo Kitonga kwa gari linaloshuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, na Kawetere kwa gari linalotoka Chunya kuingia mjini. Pepo angekuwa na hiari angemkamata dereva hata penye tambarare.

Chukua semi yenye tani 50. Si mzigo wa ajabu, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli 7. Kila semi hiyo inapopungua kimo kwa mita 10 inaachia nishati ya karibu megajuli 5. Ikishuka kimo cha mita 300 ni megajuli 147. Nishati hiyo ina njia tatu tu za kupita: injini, ukinzani wa hewa na matairi, au breki. Ukiiacha yote iingie kwenye drami 12 (ngoma za chuma zinazozunguka na magurudumu) zenye kilo 50 kila moja, joto la chuma hicho litapanda kwa zaidi ya nyuzi 500. Barabarani sehemu ya joto huchukuliwa na hewa, kwa hiyo drami haifiki huko kirahisi. Lakini lainingi (vile vipande vinavyosuguana na drami ili kushika gurudumu) nyingi huanza kupoteza mshiko kwenye nyuzi 300 hivi, na zile za bei poa hata kabla ya hapo.

Mwendo nao una hesabu yake. Semi hiyohiyo, kwenye mteremko wa asilimia 7, ikienda kilomita 30 kwa saa inahitaji kitu cha kumeza kilowati 286 muda wote. Ni kama majiko ya umeme 190, kila moja la kilowati moja na nusu, yamewashwa kwa pamoja chini ya tela. Ukienda 60, majiko yanakuwa 380. Dereva anayesema "nilikuwa sikimbii, nilikuwa 60 tu" anapima kwa macho ya tambarare.

Sasa sehemu inayowapoteza wengi, maana hapa ndipo uchawi hupata mlango. Dereva anaeleza hivi: geji ya upepo ilikuwa inasoma vizuri, nikakanyaga pedali, ikaenda, gari halikushika. Hadanganyi hata kidogo. Drami yenye kipenyo cha milimita 420 ikipata joto la nyuzi 400 hutanuka karibu milimita 2. Inaikimbia lainingi. Lainingi ili iifuate, fimbo ya chemba (kile kikopo ambamo upepo unasukuma fimbo ya breki) lazima isogee zaidi, na kwa sababu slaki (kile kiwiko kinachosukumwa na fimbo ili kizungushe kemu, chuma kinachotanua lainingi) ni kirefu mara 11 au 12 kuliko mkono wa kemu yenyewe, kila milimita upande wa lainingi inadai zaidi ya milimita 10 upande wa fimbo. Chemba ya kawaida namba 30 ina mwendo wa milimita 64 tu kutoka mwanzo hadi mwisho, na nguvu yake inaanza kuporomoka ukivuka 51. Gari likianza safari fimbo ikiwa inatoka 48 drami zikiwa za baridi, linaonekana zima kabisa: linasimama sheli, linasimama mizani. Katikati ya Iwambi fimbo inapita 60 na kuikaribia 64, sahani ya ndani inagonga ukuta wa chemba, na upepo wote uliobaki unasukuma chuma kisicho na pa kwenda. Upepo upo, breki haipo. Hakuna kilichokatika wala kupasuka. Likivutwa hadi gereji na kupoa, breki hizohizo zinashika tena, na hapo aliyekuwa na shaka kuhusu nguvu za giza anaamini moja kwa moja.

Kupima kunataka watu wawili, chaki na futi, na kwa semi nzima hakuzidi nusu saa. Fanya asubuhi, drami zikiwa za baridi. Simamisha gari pasipo mteremko, zuia matairi kwa vigingi mbele na nyuma, kisha achia handbreki. Hili la kuachia handbreki husahaulika sana. Ikiwa imefungwa, springi imeshaisukuma fimbo nje na kipimo chote ni bure. Jaza upepo ufike bari 6 hadi 7, zima injini. Utingo aingie chini apige alama ya chaki kwenye fimbo, pale inapotokea kwenye uso wa chemba. Dereva akanyage pedali mpaka mwisho na ashikilie. Umbali kutoka uso wa chemba hadi alama ya chaki ndio mwendo wa fimbo. Kwa chemba namba 30 ya kawaida, 51 ni mwisho wa ruhusa. Mimi gari linaloelekea Kitonga au Iwambi siliachii likizidi 45. Namba ya chemba imechorwa kwenye mwili wake. Zipo namba 30 za mwendo mrefu ambazo kikomo chake ni 64, na kosa la kununua moja ya mwendo mrefu na kuiweka upande mmoja wa ekseli yenye nyingine ya kawaida nimeshalieleza kwa mafundi mpaka sauti imekauka.

Slaki zikiwa za kujikaza zenyewe na bado fimbo inatoka kupita kiasi, usichukue spana ukazikaza ukaondoka. Slaki ya aina hiyo kushindwa kukaza ni dalili: bushi za kemu zimelika, pini imelegea, au slaki yenyewe imekufa. Ukiikaza kwa mkono itakurudisha palepale baada ya siku chache, tena ukiwa na mzigo.

Jambo jingine la kutazama ukiwa chini huko ni magurudumu yaliyonyimwa upepo. Diaframu (mpira wa ndani ya chemba) ikipasuka porini, dawa ya haraka ni kukunja bomba na kulifunga waya, na springi ya handbreki kuvutwa ndani kwa boliti yake ili gurudumu lizunguke. Kwa kufika gereji ya karibu, naelewa. Lakini tela huenda Lubumbashi na kurudi hivyohivyo. Magurudumu mawili yakinyimwa upepo kati ya 12, sehemu ya sita ya breki haipo, na joto lake limehamia kwa 10 yaliyobaki.

Kuvuja kwa upepo ni kipimo cha dakika moja. Mitungi ijae, injini zima, kanyaga pedali na ushikilie, angalia geji. Kichwa na tela kwa pamoja visipoteze zaidi ya bari 0.3 kwa dakika. Mitungi nayo imwagwe maji kila asubuhi. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai hugeuza mvuke humo ndani kuwa maji, na maji yakijaa mtungi nafasi ya upepo inapungua. Yakitoka maji yenye mafuta meusi, kompresa imechoka, na mafuta hayo yanaelekea kwenye mipira ya valvu.

Kwa dereva, kazi kubwa inaisha kabla ya mteremko kuanza. Gia ichaguliwe juu, si katikati. Ile uliyopandia mlima wa namna hiyo, au moja chini yake, ndiyo ya kushukia. Injini ishike gari, na eksozi breki au retarda (vifaa vya kupunguza mwendo bila kutumia drami) iwashwe mapema. Mwendo ukifika kikomo ulichojiwekea, tuseme 40, kanyaga kwa uthabiti mpaka 32, kisha achia kabisa. Ukanyagaji huo huchukua kama sekunde tatu, na drami hupumua kabla ya unaofuata. Kubonyeza kidogokidogo muda wote ndiko kunakopika lainingi.

Kutembea na huru, yaani bila gia yoyote, ni jambo la peke yake, kwa sababu wengi wanajua ni hatari ila wanaamini kunaokoa mafuta. Hakuokoi. Kwenye injini za dizeli za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye akselereta, kompyuta inafunga mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka huru, injini inalazimika kunywa ili isizime. Kwa hiyo umelipia mafuta ili unyang'anywe breki ya injini.

Ukinusa harufu ya lainingi, simama wakati bado unaweza kusimama. Zuia matairi, subiri, na usimwagie maji drami ya moto. Hata yakiwa ya upako yatapasua chuma.

Twende kwenye kafara. Basi la kampuni fulani likiua mara mbili kwa mwaka, mtaani husemwa tajiri ametoa watu. Nadhani uvumi huu unamfaa tajiri kuliko anavyokiri. Mtu anayeogopwa haulizwi kitabu cha matengenezo kiko wapi, matairi yana umri gani, dereva alilala saa ngapi. Umri wa tairi unasomeka na yeyote: tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Abiria akishajua kusoma namba hiyo, maongezi yake na konda yanabadilika.

Na yule mwanamke wa nguo nyeupe anayekatiza barabara usiku? Madereva wanaomsimulia wanamwona kwenye saa zilezile, kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri. Huo ndio muda mwili unapodai usingizi kwa nguvu kuliko mwingine wowote. Ubongo uliochoka huingia usingizini kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, na ndoto huanza juu ya picha ya barabara. Sekunde tatu kwenye kilomita 80 kwa saa ni mita 67 bila dereva. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, suala hili limekuwa zito zaidi. Dawa yake ni dereva wa pili aliyelala kitandani, si aliyekaa kiti cha konda akipiga soga mpaka zamu yake. Ukijikuta huna mwenzako na macho yanauma, egesha pahali salama, ulale dakika 20, kisha subiri nyingine 10 kichwa kikae sawa. Redio na kufungua dirisha havisaidii kitu.

Kwa wanaodhani ninamwondoa Mungu barabarani: Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, yaani paa, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Hapo hapakuagizwa kuomba watu wasianguke. Pametajwa ukingo, na mwenye nyumba ndiye mwenye deni. Waislamu nao wanaijua hadithi ya ngamia: mfunge, kisha tawakali. Mhubiri anayepanda basi stendi ya Nane Nane na kuombea safari mpaka Uyole ameshapata usikivu wa abiria wote, kitu ambacho konda hakipati kamwe. Akisema "tufunge mikanda kabla ya kufumba macho", amefanya kazi ambayo mabango ya barabarani yameshindwa. Sadaka yake naitoa kwa moyo mweupe.

Ukungu nimeuacha mwisho kwa sababu maelezo yake ni mafupi. Kawetere na barabara ya Tukuyu, asubuhi ukiona mita 30 tu mbele na lami imelowa, kilomita 30 kwa saa zinakusimamisha ndani ya mita 21 hivi. Kilomita 50 zinataka kama mita 46. Hakuna hirizi inayofuta tofauti hiyo. Na hirizi, rozari au mwanasesere unaoning'inia kwenye kioo cha kati unakula sehemu ya kioo ambako mwendesha bodaboda angeonekana.

Vibandiko vya imani viende popote ila juu ya viakisi mwanga. Kuna matela yenye maandishi makubwa ya kumsifu Mungu nyuma, na chini ya maandishi hayo utepe mwekundu wa kuakisi umepakwa rangi. Likiharibikiwa Kitonga usiku halionekani mpaka liwe kwenye boneti yako. Utepe uwe wazi na ufutwe vumbi. Weka pembetatu ya tahadhari au matawi, ya kwanza mita 50 nyuma na ya pili mita 100, na kwenye kona uyasogeze mpaka kabla ya kona yenyewe. Ukishatengeneza, kabla ya kuondoka, utingo akusanye matawi na yale mawe mliyozuia nayo matairi, ayatupe nje ya bega la barabara. Yakiachwa, bodaboda itakayopita saa mbili usiku haitayaona, na asubuhi watu watakuwa wanasema kona ile ina mkosi.