Jaji hana viza ya kukupa

Wiki hii huyu ni mteja wa nne. Kaingia ofisini na bahasha iliyovimba: picha za nyumba iliyochomwa, barua ya mchungaji, cheti cha kifo cha kaka yake. "Wakili, safari hii jaji akiyaona haya, viza natoka nayo." Baraza la Mapitio ya Kiutawala, lile la Australia linalopitia upya maamuzi ya serikali na lililochukua nafasi ya Baraza la Rufaa za Kiutawala (AAT) Oktoba 2024, limeshamkatalia viza ya ulinzi, ile ya wakimbizi. Sasa anataka kusimulia upya mahakamani.

Jaji wa Mahakama ya Shirikisho ya Mzunguko na Familia ya Australia hana viza ya kumpa mtu, hata akikuamini neno kwa neno. Yeye anaangalia kama Baraza lilifuata sheria lilipokukatalia: lilikusikiliza kwa haki? Liligusa kila dai ulilolitoa? Lilitumia kipimo cha ukimbizi kilichomo katika Sheria ya Uhamiaji ya 1958? Tunatafuta kosa la kimamlaka, yaani Baraza kutoka nje ya mamlaka liliyopewa na sheria, tena kosa lenye uzito wa kuweza kubadili matokeo. Ukishinda, uamuzi unafutwa na faili linarudi Barazani. Bahasha yako itafanya kazi huko.

Ndiyo maana kila mteja namwambia kwanza aombe rekodi ya sauti ya kikao chake cha Barazani, naye hunitazama kama ninayemfukuza. Hebu fikiria. Umesema wenye silaha walikuja saa mbili usiku. Mkalimani aliyechoka akaipeleka "mbili" hiyohiyo kwa Kiingereza, na kwa saa za Kizungu hiyo ni saa nane yetu, usiku wa manane. Fomu yako iliandikwa muda sahihi. Baraza likiona maelezo yanagongana na likakukatalia kwa sababu hiyo, hapo nina cha kumpelekea jaji. "Hawakuniamini" peke yake siendi nayo popote, na "yule mama aliyenihoji alikuwa mkali" ndiyo kabisa.

Siku 35 za kufungua kesi mahakamani nazo watu huzihesabu tangu barua ilipowafikia. Zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi. Ukichelewa, unaomba kwa maandishi kuongezewa muda na unaeleza sababu. Jaji akikataa ombi hilo, huwezi kulikatia rufaa Mahakama ya Shirikisho, ile iliyo juu yake. Simu za siku ya 34 jioni mimi nazijua kwa mlio wake.

"Nikishindwa nitaomba viza ya ulinzi upya." Ukiwa ndani ya Australia, sheria inakuzuia mpaka waziri wa uhamiaji mwenyewe akufungulie, na usimtegemee.

"Nikiwa na kesi hawanigusi." Kesi si viza. Kagua tarehe na masharti ya viza yako ya mpito, ile ya muda ya kukaa nchini wakati unasubiri, leo, kabla hujalala.

"Kushindwa hakuna gharama." Kwa kawaida utaamriwa kulipa gharama za mawakili wa waziri, na hizo ni maelfu ya dola.

Wanaoogopa majina yao kusomwa nyumbani, hilo walitue: sheria inaikataza mahakama kuchapisha jina la mwombaji wa ulinzi. Kwenye hukumu utakuwa herufi na tarakimu tu.

Yule wa bahasha alikuwa na picha kumi na moja. Uamuzi wenyewe, wenye ile tarehe, kauacha nyumbani juu ya friji. Nimemrudisha akaulete.