Pwani Tambarare, na Upepo Je?

Kila mwaka kusi ikishakolea, wageni wanashuka huku kwetu Kilifi, pwani ya Kenya. Wanatoka milimani, Iten, Eldoret na Nyahururu, vijana wembamba wenye mapafu ya kutisha, na hata baiskeli hazijashushwa kwenye gari nishaambiwa: "Kocha, huku ni tambarare, tumekuja kupumzisha miguu." Siku ya pili, mahali fulani kati ya Vipingo na Mtwapa, ninawaona wamelala juu ya usukani, macho chini, hakuna anayezungumza. Jioni wananiuliza kama kuna kitu kibaya kwenye magurudumu yao.

Magurudumu ni mazima. Kilichoharibika ni imani kwamba ugumu wa barabara husomwa kwenye mita za kupanda. Nimeijibu imani hii mdomo kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo leo naiandika.

Tuanze na hesabu ya haraka. Chukua mwendeshaji wa kilo 70. Pamoja na baiskeli na chupa za maji jumla iwe kilo 80. Anatoa wati 200 bila kuyumba, mikono juu ya usukani kama tunavyokaa wengi wetu. Barabara tambarare, hewa imetulia: atakwenda kama kilomita 33 kwa saa. Mpe upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa, anashuka hadi 22. Ondoa upepo, mpe mwinuko wa asilimia 5, anashuka hadi 15. Hapo mtu wa milimani ananirukia: umeona, mlima umeshinda! Subiri kidogo. Ule upepo wa kilomita 20 kwa mtu huyo ni sawa na mwinuko wa asilimia mbili na nusu hivi. Mtu wa Iten hauiti huo mlima, hata gia habadilishi. Lakini kutoka Kilifi hadi Mtwapa ni kilomita 40 hivi, na kusi ya Julai haipumziki kwenye kona. Asilimia mbili na nusu kwa kilomita 40 ni mita 1000 za kupanda. Hiyo ni kama kutoka Bonde la Kerio ukapita Tambach hadi karibu uione Iten, ila hapa umepanda yote na bado uko usawa wa bahari, na saa yako imeandika kupanda: mita 90.

Sasa tuje kwenye maneno yanayonikera kuliko yote: "Si kitu, ukigeuza upepo utakurudishia." Nimeyasikia kwa wanaoanza, na nimeyasikia kwa watu wenye medali.

Haurudishi. Rudi kwa yuleyule wa wati 200. Anakwenda kilomita 20 dhidi ya upepo, anageuza, anarudi kilomita 20 upepo ukiwa mgongoni. Kwenda anatumia dakika 54 hivi. Kurudi anakimbia kama 46 au 47 kwa saa, anatumia dakika 26 hivi. Jumla ni dakika 80. Siku isiyo na upepo angemaliza kwa dakika 73 hivi. Dakika 7 zimekwenda, na hakuna mahali zitakapopatikana, kwa sababu anakaa ndani ya ubaya muda mrefu zaidi ya mara mbili ya anaokaa ndani ya uzuri. Mlima nao una tabia hiyo ya muda, sikatai. Tofauti iko kwenye kile unachopewa ukishamaliza kuteseka.

Acha kupiga pedali kwenye mteremko wa asilimia 5. Baiskeli itajipeleka yenyewe hadi ipite kilomita 45 kwa saa, nawe umekaa, unakunywa maji, mapigo ya moyo yanashuka. Kazi uliyofanya kupanda iliwekwa akiba, na sasa unalipwa. Halafu acha kupiga pedali kwenye tambarare, upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiwa mgongoni mwako. Watu hudhani baiskeli itaendelea kwa 20. Haitaendelea. Kadiri unavyokaribia kasi ya upepo ndivyo unavyopungua msukumo wake, huku tairi bado zinakula sehemu yao kwenye lami. Utatulia kwenye kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Kwa hiyo upepo wa mgongoni ni mzuri, unaupenda, unakufanya ujione bingwa, lakini bado unadaiwa kila mzunguko wa pedali. Jasho ulilomwaga ukielekea Mtwapa halikuwekwa akiba popote. Lilipotelea hewani, likaisha.

Na bado sijagusa upepo wa ubavuni, ambao watu huuhesabu kuwa si wa kwako wala si wa adui. Upepo unaopiga ubavu kwa pembe mraba kabisa, usio na hata chembe ya kukuzuia kwa mbele, bado unakupunguza kasi. Sababu ni kwamba mwili wako hausikii upepo wa barabarani. Unasikia upepo uliochanganyika na mwendo wako mwenyewe, na mchanganyiko huo una kasi kubwa kuliko kila kimoja peke yake. Ukinzani hukua kwa mraba wa kasi hiyo iliyochanganyika. Kwa mfano wetu, upepo wa ubavu wa kilomita 20 unaongeza mzigo wa hewa kwa karibu asilimia 17 ukijaribu kubaki kwenye 33. Kwa hiyo duara zima la dira halijagawanywa nusu kwa nusu. Upepo lazima uwe umeingia vizuri nyuma ya bega ndipo uanze kukusaidia. Anayezunguka mzunguko kamili siku ya upepo, akafika nyumbani amechoka kuliko kawaida na wastani wake ni mbovu, hajalegea. Hesabu ndiyo ilivyo.

Kuna mahali mlima na upepo huachana kabisa: mlima huuliza uzito wako, upepo huuliza upana wako. Kwenye mwinuko wa asilimia 7, kilo 10 za ziada zinakuchelewesha kwa zaidi ya asilimia 10. Kwenye upepo wa tambarare kilo hizohizo hazionekani. Ndiyo maana kijana wa kilo 54 anayewaacha wote kwenye kupanda Tambach anateseka Vipingo nyuma ya fundi wa Mtwapa mwenye mapaja manene na kilo 85. Yule mwembamba ana wati chache, lakini kifua na mabega yake hayakupungua kwa kiasi kilekile wati zilivyopungua. Anapasua hewa karibu sawa na mkubwa, kwa injini ndogo. Vijana hawa wakishindwa hapa huvunjika moyo, na wengine huanza kula ovyo ili "waongeze nguvu". Msifanye hivyo. Teremsheni mikono kwenye sehemu ya chini ya usukani, kunjeni viwiko, ingizeni kichwa kati ya mabega. Dakika 5 za kukaa hivyo zitawafundisha kwamba viuno na shingo zenu hazijawahi kufanya mazoezi, kwa sababu mlimani mtu hukaa wima apate hewa.

Na malipo ya bidii nayo yanatofautiana. Ongeza nguvu kutoka wati 200 hadi 300 kwenye asilimia 7: unatoka karibu 12 kwa saa hadi 17, umepata karibu kila ulichokilipia. Fanya hivyohivyo dhidi ya upepo wa 20: unatoka 22 hadi 27. Nusu ya nguvu juu ya ile ya kwanza, chini ya robo ya kasi. Mtu aliyezoea mlima anapoona mwendo umeshuka huongeza nguvu, kwa sababu mlimani kufanya hivyo humlipa. Pwani huongeza, anaona mabadiliko madogo, anaongeza tena, na kufika kilomita ya 15 ameshajimaliza.

Kuna jambo jingine la watu wa juu ambalo halizungumzwi kabisa. Hewa ya Iten, karibu mita 2400, ni nyepesi kuliko ya Kilifi kwa zaidi ya asilimia 20. Upepo uleule, kwa kasi ileile, unakusukuma kwa nguvu zaidi huku chini. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli kutoka Ubelgiji, alipotaka rekodi ya umbali wa saa moja mwaka 1972 alikwenda Mexico City, akaendesha kilomita 49.431, alijua alichokifuata kule juu. Oksijeni unayoipata Pwani inafidia sehemu ya hasara hiyo, lakini mwili umekariri mwendo wa kule, na kila ukitazama saa unaona umepungukiwa.

Wanaosema mpanda milima mzuri hawezi kusumbuliwa na tambarare watazame Tour de France ya 2013. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa amevaa jezi ya njano, ya anayeongoza. Tarehe 12 Julai, hatua ya tambarare kuelekea Saint-Amand-Montrond, upepo wa ubavu ukalikata kundi vipande, naye akaachwa na mpinzani wake Alberto Contador kwa dakika moja na sekunde 9. Siku mbili baadaye alishinda juu ya Mont Ventoux, mlima ambao ukiutaja tu wapanda baiskeli wanameza mate. Miguu ileile, wiki ileile. Mwaka 2016 kuelekea Montpellier upepo ulikuja tena, na safari hii Froome alikuwa mbele pamoja na Peter Sagan, wakaondoka na kuvuna sekunde kwenye barabara ambayo wengi walidhani haina kitu. Oktoba mwaka huohuo Sagan akawa bingwa wa dunia Doha, jangwani, mashindano yaliyoamuliwa na upepo wa ubavu mapema kabisa. Kigali 2025 ilikuwa kinyume chake: kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na Tadej Pogačar akawaacha wenzake mmoja baada ya mwingine. Mlimani unaachwa kwa sababu huna wati. Kwenye upepo unaweza kuachwa ukiwa nazo, kwa sababu ulikuwa mahali pabaya kwa sekunde 10.

Maana mlimani kila mtu anabeba kilo zake. Kwenye asilimia 7, kwa mwendo wetu sisi, kukaa nyuma ya mwenzio hakukusaidii sana. Kwenye upepo kunaokoa robo ya nguvu au zaidi, na ndani kabisa ya kundi kubwa ni maajabu: utafiti wa Bert Blocken uliotolewa mwaka 2018, kwa mfano wa kundi la waendeshaji 121, ulionyesha kwamba waliojificha katikati kuelekea nyuma wanapata asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa anayeendesha peke yake. Waholanzi, wasio na milima ya kujivunia, wana ubingwa wa kitaifa wa kuendesha dhidi ya upepo: kilomita 8.5 juu ya boma la bahari la Oosterscheldekering, baiskeli za kawaida zisizo na gia, na hufanyika dhoruba ikiwa imefika tu. Watu hao hawaiti tambarare mapumziko.

Sasa niseme wasiwasi wangu kuhusu hesabu nilizotoa. Nazitumia kila wiki na siziamini kikamilifu. Upepo wa ripoti ya hali ya hewa hupimwa mita 10 juu ya ardhi. Kifua chako kiko kwenye mita moja na kitu, ambako upepo umeshakwaruzwa na nyasi, kuta na magari. Ripoti ikisema 30, penye minazi na mikorosho unaweza kupata 12, halafu minazi inaisha, mashamba ya katani ya Vipingo yanafunguka, na unapigwa na karibu wote kwa ghafla. Kikokotoo kinadhani upepo ni mmoja. Tena vipigo vya ghafla vinachosha kuliko wastani wake, nami sina namba ya kukuonyesha, nina sura za watu tu. Na hizi rimu ndefu za kaboni, zenye ubavu mpana, ambazo vijana wanazililia: kwenye karatasi zinasaidia katika upepo wa ubavu. Kwenye daraja la Kilifi, mtu wa kilo 54 akipigwa na kipigo cha kusi, gurudumu la mbele linageuka lenyewe. Mimi humwambia aweke rimu fupi mbele, hata kama karatasi inasema nini.

Basi ukija Julai, fanya hivi. Toka Kilifi uelekee kusini kwanza, mapema, kabla upepo haujapanda na miguu ikiwa mipya, urudi nao mgongoni. Tazama wati au sikiliza pumzi, funika kasi kwa plasta ikibidi. Na kuhusu kujipanga mshazari kama mnavyoona kwenye televisheni, kila mtu nyuma na kando kidogo ya mwenzake ili akae kwenye kivuli chake, pale upepo unapokingwa: ukielekea Mtwapa kusi inakupiga shavu la kushoto, kwa hiyo kivuli cha mwenzio kiko upande wake wa kulia, yaani kule yaliko malori na matatu. Usikifuate chote. Sogea kulia nusu ya upana wa usukani tu, baki ndani ya mstari wa njano, na mbele mbadilishane haraka, kila mtu zamu fupi. Mkirudi Kilifi upepo unatokea nyuma kulia, kivuli kinaangukia kushoto, ukingoni mwa barabara. Hapo ndipo tunapofundishia mshazari, kwa watu wanne au watano, aliye mbele akiwa upande wa katikati ya barabara na wa mwisho akiwa na macho ya kutosha kuyaona mashimo ya ukingoni kabla hayajamwona yeye.