Kaburi la Papa Julius II liko wapi?

Kila mwaka wanafunzi wangu wa historia ya sanaa wakifika kwa Julius II, wote hukimbilia dari ya Kikanisa cha Sistina, kule Vatikani, aliyoichora Michelangelo. Mimi huwarudisha nyuma. Papa huyu lazima umwanzie kaburini.

Giuliano della Rovere alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1503, akikaribia miaka 60, akajiita Julius II. Upapa haukuwa kitu kigeni kwao. Sixtus IV, aliyejenga kikanisa hicho cha Sistina, alikuwa ami yake. Mwaka 1505 Julius akamwita Roma kijana wa miaka 30, Michelangelo, amchongee kaburi lisilo na mfano: la ngazi tatu, lenye sanamu zaidi ya 40. Michelangelo akaenda Carrara, akakaa huko miezi minane akichagua marumaru jiwe kwa jiwe.

Sasa, dude kama hilo litakaa wapi? Basilika ya Mtakatifu Petro ya wakati ule ilikuwa ya enzi za Kaisari Konstantino, ina zaidi ya miaka 1,100 na kuta zake zimeinama. Julius akaamua ijengwe upya. Msanifu wake, Bramante, alibomoa kwa pupa hadi watu wakambandika jina la Ruinante, yaani mharibifu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 18 Aprili 1506, na fedha zikahamia huko. Michelangelo alikwenda kudai chake, akazuiwa mlangoni. Siku moja kabla ya sherehe ya jiwe la msingi alipanda farasi akarudi zake Florence, amenuna. Kanisa lilikuwa limekwisha kulimeza kaburi.

Walipatana baadaye, lakini kazi aliyopewa mwaka 1508 ilikuwa ile dari, naye alilalamika kwamba yeye ni mchongaji, si mchoraji. Hakuchora amelala chali kama inavyosimuliwa. Alisimama juu ya jukwaa, shingo nyuma, rangi ikimdondokea usoni. Kila siku ilipakwa lipu mbichi ya kutosha kazi ya siku hiyo tu, kwa sababu chokaa ikishakauka hainywi tena rangi. Mwanzoni ukungu uliota kwenye picha akataka kuacha. Papa akamtuma msanifu Giuliano da Sangallo, ambaye alimwonyesha kosa: lipu ilikuwa na maji mengi. Fundi yeyote wa lipu atamwonea huruma. Dari ilifunguliwa Oktoba 1512.

 

Julius alifariki Februari 1513. Basilika ilikuja kutabarukiwa mwaka 1626, baada ya mapapa wengi na baada ya uuzaji wa rehema (vyeti vya kusamehewa adhabu za dhambi) kwa ajili ya ujenzi huo kumchokoza Martin Luther. Nalo kaburi, baada ya mikataba kuandikwa na kuandikwa tena na warithi, lilikamilika mwaka 1545 likiwa dogo sana, tena katika kanisa jingine la Roma, San Pietro in Vincoli. Hapo ndipo alipoketi Musa wa Michelangelo, sanamu ya yule nabii, ndevu zimemfika mapajani, mishipa ya mkono imetutumka kana kwamba anataka kuinuka.

Mwenyewe Julius hayupo hapo. Amelala ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, pamoja na ami yake, chini ya bamba la marumaru sakafuni. Mara ya kwanza nilipokwenda, nililipita bila kuliona.