Usingoje Moyo Uchangamke Ndipo Utoke

Mtu akiketi mbele yangu kwenye kliniki yetu ya afya ya akili hapa Tanga, tukishasalimiana na akishanieleza kilichomleta, namwuliza swali ambalo wengi huona si mahali pake: "Jana ulifurahia nini?" Karibu wote hujibu kwa neno moja: "Hamna." Wengine huudhika. Mtu kaja na mzigo wake, kafiwa, kaachishwa kazi, usingizi hauji, halafu anaulizwa habari za furaha! Nawaelewa, na bado naendelea kuuliza, kwa sababu jibu lake hunionyesha siku ya mtu huyo ilivyo, na mara nyingi matibabu huanzia hapo hapo.

Niwape mfano wa mzee mmoja wa Ngamiani, aliyeniruhusu nimseme ilimradi nibadilishe mawili matatu asitambulike. Ni mstaafu wa bandarini. Mkewe alifariki, na miezi minane baadaye binti yake akamleta kwetu, kwa kuwa baba hali vizuri, hatoki nje, na usiku huzunguka ndani ya nyumba mpaka adhana ya alfajiri. Swali langu alilijibu kama wengine. Basi nikamwuliza kwa saa: ulipoamka ulifanya nini, saa mbili ulikuwa wapi, saa kumi je? Siku yote ilikuwa kitanda, kiti cha uani, kitanda tena.

Kabla ya msiba siku zake zilikuwa nyingine kabisa. Akitoka msikitini alfajiri hupanda baiskeli mpaka kwenye baraza ya muuza kahawa: vikombe viwili, kashata moja, dhumna raundi kadhaa, na salamu kwa kila apitaye. Nikamwuliza kwa nini kaacha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, nitakaaje kucheka na watu, na mwenzangu yuko mchangani?"

Sikuwa na haraka ya kumjibu. Maneno yale yalikuwa na mapenzi ndani yake. Lakini yalikuwa na mtego pia, na mtego huo huwanasa watu wengi ambao hawakufiwa hata.

Moyo ukiwa mzito, mtu hupunguza anayoyafanya. Hakati kazi, kwa sababu kazi ni lazima. Hukata yale ambayo hakuna atakayemdai: kwenda baraza, kusuka nywele, kuimba jikoni, kupita kwa shoga yake jioni. Siku inabaki na mizigo mitupu, ladha imetoka. Siku isiyo na ladha huuongezea moyo uzito, na moyo ukizidi uzito mtu hukata tena. Mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliueleza vizuri mzunguko huu miaka ya 1970, akaujengea tiba yake ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa raha kusikoisha. Yeye na mwenzake Douglas MacPhillamy walitunga orodha ya mambo 320 yanayoweza kumpendeza binadamu, mgonjwa apitie aseme lipi alilifanya mwezi uliopita na lilimpendeza kiasi gani. Orodha ile ni ya kwao, ina mambo kama kucheza gofu. Lakini kuwa ufukweni nako kumo.

Mara nyingi nimejiuliza ingeandikwa Tanga ingekuwaje. Chungwa la Muheza lingekuwamo, lile ambalo kijana wa toroli hulimenya kwa kisu, ganda likashuka kama utepe bila kukatika, akalikata kichwa ukalifyonza umesimama juani. Mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Kuendesha baiskeli kuelekea Raskazone jioni, upepo wa bahari unapuliza ndani ya shati. Kukaa bustanini karibu na mnara wa saa, ukitazama maji yanavyojaa bandarini na mashua zilizokuwa zimelala ubavu zinainuka moja moja. Kufukiza udi nguo za Ijumaa. Taarabu ya zamani redioni, maana mji huu ndio uliotupa Black Star na Lucky Star. Kuchagua kanga dukani, si kwa rangi tu bali kwa maneno yake, na kujua kabisa nani atayasoma. Harufu ya vumbi mvua za vuli zinapoanza. Kila mmoja ana yake, na la mwenzio linaweza lisikuguse hata kidogo. Kuna dada aliniambia raha yake kubwa ni kupanga vyombo vilivyokauka kabatini, nyumba nzima imelala. Nikamwandikia.

Namwandikia kweli, kwenye karatasi, pamoja na siku na saa. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike. Watu husema, "Nikijisikia nitatoka." Wanangoja moyo uchangamke ndipo mwili uinuke. Kwa mtu aliyezongwa na mawazo, mpangilio huo haufanyi kazi; atangoja mpaka achoke. Tunaugeuza. Mwili unatangulia kwa miadi iliyoandikwa, moyo upende usipende, kisha tunatazama moyo unafuata kiasi gani.

Hili limepimwa. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake huko Marekani waligawa watu karibu 150 wenye sonona katika makundi. Kundi moja lilipata tiba kamili ya mazungumzo, ile inayochambua na kurekebisha fikra. Kundi jingine lilipata kipande kimoja tu cha tiba hiyo: kupanga shughuli na kuzifanya. Kipande hicho peke yake kilifanya kazi sawa na tiba nzima. Mwaka 2016 utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, wenye watu 440, ulionyesha kwamba wahudumu wa kawaida wa afya ya akili, ambao hawakusomea tiba ya saikolojia, wakifundishwa njia hii wagonjwa wao hupata nafuu sawa na wa wataalamu, kwa gharama ndogo. Kwa nchi kama yetu, ambako wataalamu wa saikolojia ni wachache, naiona hiyo kuwa habari njema sana, na natamani ifike kila zahanati.

Nirudi kwa mzee. Sikumwambia arudi barazani. Huo ungekuwa mlima. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu msiba, magurudumu hayana upepo. Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kuifuta vumbi. Basi. Nilimpa daftari dogo aandike namba mbili, kuanzia sifuri mpaka kumi: moyo ulikuwaje kabla, na ulikuwaje baada. Aliporudi alikuwa ameandika mbili, kisha tatu. "Umeona," akaniambia, "haikusaidia." Nikamwambia hiyo moja iliyoongezeka ndiyo ninayoitafuta. Mtu mwenye sonona hutarajia furaha irudi kama zamani kwa mkupuo, na isiporudi hivyo huhesabu kuwa hakuna kitu. Daftari humsaidia kuona kidogo kilichopo. Wiki ya pili aliikokota baiskeli mpaka kwa fundi, akakaa kwenye ndoo kumtazama anavyoziba pancha kwa kuzamisha tairi la ndani kwenye karai la maji na kutafuta mapovu. Aliandika mbili, kisha nne. Nadhani si pancha iliyomwinua. Fundi alimwuliza habari za masiku.

Hilo nalo lina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe umetoka kwenye kahawa. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, walitoa mwaka 2014 matokeo ya jaribio dogo la kupendeza. Wanunuzi wa kahawa waliambiwa, baadhi yao, wanunue haraka waondoke. Wengine wamtazame muuzaji usoni, watabasamu, wasemezane kidogo. Hawa wa pili walitoka na moyo mweupe zaidi, na wakijihisi zaidi kuwa ni sehemu ya jamii. Sisi hatukuhitaji kuagizwa na mtafiti. Muuza kahawa wa hapa hugonganisha vikombe vyake barabarani watu wamsikie, na salamu zetu za kuulizana za nyumbani, za watoto, za kazi, mgeni huziona ndefu. Lakini naona vijana wetu wanazifupisha, "mambo, poa," jicho liko kwenye simu. Nawasihi wasiziache. Sekunde kumi za kusalimiana na mtu usiyemjua jina ni chakula cha moyo, na hazina bei.

Kuna jambo la pili, la umakini. Raha ndogo huponyoka kirahisi. Mtu anaweza kunywa kikombe kizima cha chai asijue kama ilikuwa na tangawizi. Mimi huwafundisha watu kwa asmini, kwa kuwa karibu kila mtaa una mti wake. Vitumba vyake huwa vimefumba mchana, na jua likizama huanza kufunguka. Chukua vitatu, viweke kiganjani. Usivinuse bado. Tazama weupe ulivyo na kijani kidogo shinani, sikia ubaridi wake kwenye ngozi. Sasa nusa mara moja, ondoa mkono, ngoja, nusa tena. Utaona kuwa ukivibandika puani tu, harufu hupotea baada ya muda mfupi, pua imezoea. Ukiondoa na kurudisha, inarudi upya. Mabibi zetu walilijua hilo: kikuba hufungwa nyweleni, si puani, ili harufu ije na kuondoka kila kichwa kinapogeuka.

Na kuzoea si kwa pua peke yake. Watafiti Leif Nelson na Tom Meyvis walionyesha mwaka 2008 kwamba mtu anayekandwa mwili hufurahia zaidi akikatizwa katikati kisha akaendelea kukandwa, kuliko akikandwa mfululizo. Ajabu yake, kwa kelele inayoudhi ni kinyume: ukipata mapumziko katikati, ikirudi huudhi zaidi. Kwa hiyo kero imalize kwa mkupuo, raha ikate vipande. Kashata nusu sasa, nusu na kikombe cha pili.

Zipo zinazoitwa raha na zikakupunguza. Mtafiti Kent Berridge wa Marekani amefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya ubongo kutamani kitu na kukifurahia ni mifumo miwili tofauti, na ule wa kutamani unaweza kukua peke yake. Kijana anayebeti anaijua hali hiyo: mkono unatafuta simu, moyo unadunda, na akishinda furaha haidumu hata nusu saa. Pombe nayo kwa wengi iko hivyo. Kipimo ni kile kile cha daftari. Andika namba kabla, andika baada, kisha andika tena kesho yake asubuhi.

Akina mama huniambia, "Raha nitaipata wapi mimi?" Mama mmoja anayepika chakula sokoni huamka saa tisa usiku, na ana watoto wanne. Siwezi kumwambia akapumzike Raskazone, na sitamdanganya kuwa harufu ya asmini italipa kodi ya nyumba. Shida ya pesa hutatuliwa kwa pesa. Tulichofanya ni kupitia siku yake mpaka tukapata dakika saba, baada ya kuwasha moto na kabla maji hayajachemka. Zamani alizitumia kuwaza madeni. Sasa anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai yake ya kwanza, yake peke yake, kikombe cha udongo alichopewa na dada yake. Amewakataza watoto kukigusa. Anasema madeni yapo pale pale, ila huyaanza akiwa na nguvu.

Sasa neno kwa wale ambao hata hili halitawatosha. Kukosa ladha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda ni mojawapo ya dalili kuu mbili za sonona. Nyingine ni huzuni isiyoondoka. Ikiwa imekushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, kujiona huna thamani au kushindwa kazi zako, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukaseme hivyo hivyo: "Siku hizi sifurahii kitu." Mhudumu ataelewa, na atakuelekeza inapobidi. Na mwenye mawazo ya kujidhuru asikae nayo peke yake hata usiku mmoja. Amwambie mtu wa karibu leo hii, na mtu huyo asimwache, amsindikize hospitali. Huo ni ugonjwa, unatibika, na wala si upungufu wa imani.

Mzee wangu ilimchukua miezi mitatu. Wiki ya tano alifika barazani, akasalimu bila kushuka kwenye baiskeli, akarudi nyumbani. Wiki ya sita alishuka. Wenzake hawakumwuliza kitu, walimsogezea nafasi tu. Lile la mwenzake aliyeko mchangani tulilizungumza mara nyingi, mpaka siku moja akaniambia mwenyewe kuwa marehemu ndiye aliyekuwa akimfukuza ndani kila asubuhi, "Nenda zako kwenye kahawa, unanijazia nyumba." Alilia, kisha akacheka. Mara ya mwisho alipokuja alinifungulia daftari. Ukurasa wa Jumatano ulikuwa na mwandiko wa penseli: "Kabla nne. Vikombe viwili, kashata moja. Dhumna nimefungwa mara tatu. Baada saba."