1×3 kwenye bahasha ya dawa: maana ya "kutwa mara tatu"

Mama mdogo alirudi kutoka hospitali na kibahasha cha karatasi, ndani yake vidonge 15 vya rangi mbili. Juu yake kumeandikwa kwa kalamu: Amoxicillin 500 mg, 1×3, siku 5. Kesho yake nikamuuliza anavinywaje. Kimoja baada ya chai ya saa nne asubuhi, akasema, kimoja baada ya chakula cha saa nane mchana, na kimoja akishakula saa mbili usiku. "Si wameniambia kutwa mara tatu, mwanangu? Kutwa ni mchana. Usiku ni kucha."

Kwa Kiswahili hakukosea hata kidogo. Tunasema usiku kucha, mchana kutwa. Lakini kwenye dawa neno hili limebeba siku nzima ya saa 24, giza na mwanga pamoja. Kutwa mara tatu ni kila baada ya saa 8. Sasa hesabu za mama mdogo: kutoka kidonge cha kwanza hadi cha pili ni saa 4, cha pili hadi cha tatu saa 6, kisha kutoka saa mbili usiku hadi chai ya kesho yake ni saa 14 bila dawa.

Saa hizo 14 ndizo zilizonikosesha raha. Amoksilini haikawii mwilini. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya ile iliyomo kwenye damu huondoka kwa takriban saa moja, na sehemu kubwa hutoka na mkojo. Nayo, kama ndugu zake wa jamii ya penisilini, huwaua bakteria kwa kuwaharibia ukuta wanaojijengea wakati wa kukua na kugawanyika. Kazi hiyo inataka dawa iwepo kwa kiwango cha kutosha kwa muda mrefu wa siku. Kikishuka mno, waliobaki hai wanapata nafasi ya kuzaana tena. Ndiyo maana kumeza viwili kwa mpigo ili kufidia kimoja ulichosahau hakurudishi saa zilizopotea. Unachojiongezea ni kichefuchefu na kuharisha. Ukisahau, meza unapokumbuka. Kama muda wa kidonge kinachofuata umeshakaribia, achana na kilichopita, endelea na ratiba.

Tarakimu zenyewe nazo zinahitaji kusomwa vizuri. Ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Wapo wanaosoma 1×3 kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu, na mgonjwa wa namna hiyo hajatibiwa. Angalia pia uzito: daktari akiandika 500 mg na dukani ukapewa vidonge vya 250 mg, bahasha inapaswa kusomeka 2×3. Kwenye karatasi ya daktari unaweza kukuta TDS, ambayo ndiyo hiyo mara tatu. BD ni mara mbili, OD ni mara moja. Na 5/7 maana yake ni siku 5, hata kama inafanana na sehemu ya hesabu za shule.

Si kila antibayotiki ni 1×3. Doksisaiklini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo hutolewa mara moja au mbili kwa siku, lakini ina masharti yake: imeze na glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa hivi, maana ikikwama njiani huunguza umio. Siprofloksasini usiimeze na maziwa, dawa ya kiungulia wala vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu hushikamana navyo na kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Amoksilini haina shida na chakula, na hapo ndipo mama mdogo alipofungwa na ratiba ya sahani bila sababu.

Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka. Mtu anabana vidonge vitatu kati ya futari na daku, halafu anakaa mchana wote bila kitu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Anayetaka kufunga amwambie daktari kabla dawa haijaandikwa, kwani huenda ipo nyingine inayomfaa ya mara moja au mbili.

Jambo moja halisubiri saa yoyote. Ukimeza dawa kisha ukatokwa na vipele vinavyowasha, ukavimba midomo au uso, au kifua kikabana, usimeze kingine. Nenda hospitali muda huohuo. Na kama penisilini iliwahi kukudhuru, hata utotoni, litamke hilo kabla hujapewa kitu.

Vidonge 15 kwa 1×3 ni siku 5 kamili, kwa hiyo unaweza kujikagua kwa kuhesabu vilivyobaki. Siku ya tatu homa huwa imeshuka na mkono unakuwa mzito kufungua bahasha. Usikatishe bila kumuuliza aliyekuandikia. Wala usimwekee mtoto wa jirani vilivyobaki: dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na kikohozi chake huenda ni cha virusi, ambavyo amoksilini haivigusi.

Kwa mama mdogo tulikubaliana hivi: saa kumi na mbili asubuhi akiamka, saa nane mchana, saa nne usiku kabla ya kulala. Nikachukua kalamu, chini ya ile 1×3 nikaandika kwa tarakimu kubwa: 12, 8, 4.